UZI: Faith No More, bendi iliyobadilisha makonda kila kituo lakini injini ikabaki ile ile

Mzee wa Kanda #1

Wakuu salaam. Najua humu mada za roki huwa zinapata wachangiaji wanne na mmoja wao ni mimi mwenyewe, ila leo sina kazi na mvua huku Tabata imegoma kukatika, kwa hiyo naandika uzi niliokuwa nauahirisha tangu mwaka juzi. Ni mrefu. Asiyependa kusoma apite kimya kimya.

Kwanza nilivyoijua hii bendi. Kaka yangu alikuwa baharia, katikati ya miaka ya 90 akarudi na kanda kama kumi hivi, moja ilikuwa Angel Dust ya Faith No More, ile yenye picha ya ndege mweupe mbele na nyuma yake nyama imening'inia kama buchani. Nikaiweka kwenye redio sebuleni, mama anachambua mchele. Kelele tupu, jamaa anabweka, anacheka, mara kwaya ya watoto, mama kanyamaza tu kwa heshima ya kaka. Kanda inafika mwishoni ikaanza Easy, ule wimbo wa zamani wa Commodores. Mama akaanza kuimba! Akaniambia huyu si yule Richie wa Commodores? Nikamwambia hapana mama, ni hawa hawa waliokuwa wanapiga kelele sasa hivi. Hakuniamini, na mpaka leo haamini.

Sasa hoja yangu. Ukiitaja Faith No More mtu atakutajia Mike Patton, mwimbaji. Wazee kidogo watakutajia Jim Martin yule wa gitaa, wa ndevu na miwani. Mimi nasema bendi ile ni ya watu watatu wanaokaa nyuma: Billy Gould besi, Mike Bordin dramu, Roddy Bottum kinanda. Wengine wote walipanda njiani, kuna walioshuka wenyewe na kuna walioshushwa.

Naendelea chini, msinikatishe.

kichwa_ngumu #2

Nimeshachukua siti ya mbele kabisa, kahawa ipo kashata zipo

Mchokozi Original #3

Bila Patton hiyo bendi ingekuwa inapiga kwenye kipaimara tu. Nimemaliza.

Mzee wa Kanda #4

Mchokozi subiri nifike huko, we umeanza kufunga goli timu hazijaingia uwanjani.

Mwanzo wake ni San Francisco, Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 80. Kulikuwa na bendi inaitwa Faith No Man, mwimbaji wake akiitwa Mike Morris, huyu ndiye "the Man" mwenyewe. Gould na Bordin walikuwa humo, kinanda alianza mtu mwingine halafu akaja Roddy Bottum, ambaye na Gould wanajuana tangu utotoni Los Angeles. Wakamchoka Morris. Badala ya kumfukuza wakafanya kitu cha kihuni kidogo, waliondoka wote wakamwacha yeye na jina lake, wakaanzisha yao. Na kwa vile "the Man" hayupo tena, jina likawa Faith No More. Yaani hata jina la bendi ni tangazo la kumpiga mtu chini, na mimi huwa nasema hapo ndipo penye laana yenyewe.

Baada ya hapo wakawa hawana mwimbaji wa kudumu. Wanapiga shoo na huyu, shoo nyingine na yule, mmoja wao alikuwa Courtney Love, ndiyo, huyo huyo aliyekuja kuolewa na Kurt Cobain wa Nirvana. Hakukaa sana. Wapiga gitaa nao walikuwa wanakuja na kuondoka.

Halafu gitaa likampata mwenyewe. Cliff Burton, mpiga besi wa Metallica, alikuwa rafiki wa Jim Martin tangu ujana, na hao wawili walishawahi kupiga bendi moja na Mike Bordin. Cliff ndiye aliyewaambia jamaa mchukueni Jim. 1983 hiyo. Kwa hiyo mmetafutiwa mpiga gitaa na Cliff Burton, utakataaje?

Na mwimbaji akapatikana, Chuck Mosley, mtu wa Los Angeles, alishapiga na Gould kwenye bendi ya huko nyuma. Chuck sauti yake haikuwa nzuri kwa maana ya kwaya. Alikuwa anaimba kama mtu anagombana na mwenye nyumba. Lakini mtindo wa kurapu juu ya gitaa zito ulikuwa bado haujazoeleka wakati huo, yeye alikuwa anafanya. Albamu ya kwanza, We Care a Lot, 1985. Ya pili Introduce Yourself, 1987, na humo wimbo We Care a Lot ukarudiwa upya. Wimbo wenyewe ni kejeli, unawacheka wasanii wakubwa waliojifanya wana huruma na dunia, mpaka chakula cha Live Aid, lile tamasha la kuchangia wenye njaa, kimetajwa humo. Sisi wa upande huu wa dunia tuliokuwa tunaonyeshwa kwenye zile video za njaa tuna haki ya kuuelewa ule wimbo kuliko wao.

Binti Makorora #5

Aisee hapo kwa mwenye nyumba nimecheka peke yangu ofisini bosi kaniangalia 😂 endelea baba

Dokta Besi #6

Mkuu hongera, mimi ni mpiga besi (hotelini, harusi, kanisani, kote nipo) na hiyo bendi nilionyeshwa na mwalimu wangu. Uliyosema kuhusu watatu wa nyuma naunga mkono. Sikiliza besi ya Gould, haifuati gitaa kama bendi nyingi za metali, yenyewe ndiyo inayobeba wimbo halafu gitaa linakuja kukata kata juu. Halafu dramu za Bordin zinapiga chini sana, nzito, kama ngoma ya msondo. Kuna aliyeniambia jamaa alisomea ngoma za Kiafrika, ni kweli au chai?

Mzee wa Kanda #7

Si chai Dokta. Bordin alisoma pale chuo cha Berkeley, California, na akajifunza ngoma za Ghana. Ndiyo maana zile tomu zake zinaongea, hapigi sahani muda wote kama wenzake.

Twende. Chuck sasa. Chuck alikuwa mtu wa pombe na mambo mengine, na kwenye hafla ya kuzindua Introduce Yourself alisinzia jukwaani. Jukwaani jamani, kwenye uzinduzi wa albamu yake mwenyewe. Wakaenda Ulaya, ugomvi, wakarudi, 1988 akatumbuliwa. Imagine uko na mkataba na lebo, yaani kampuni ya kurekodi, wimbo wako umeanza kusikika Uingereza, halafu huna mwimbaji.

Na hapa Mchokozi naomba utulie usome taratibu. Walichofanya wale watatu pamoja na Jim ni kuendelea kutunga. Nyimbo za albamu iliyofuata, muziki wake karibu wote ulikuwa tayari HAKUNA mwimbaji. Jim Martin alikuwa amesikia demo ya bendi moja ya watoto wa shule kutoka Eureka, mji mdogo juu kabisa kaskazini mwa California, bendi inaitwa Mr. Bungle. Mwimbaji wao ni dogo anafanya kazi kwenye duka la kanda na sahani. Wakamwita. Ndiyo Mike Patton huyo, hajafika hata miaka 21. Akapewa muziki uliokamilika, akaandika mashairi ya albamu nzima kwa muda wa kama wiki mbili, wakaingia studio. The Real Thing, Juni 1989.

Sasa niambie gari ni la nani hapo.

Mchokozi Original #8

Gari la kwao sawa. Ila lilikuwa limeegeshwa gereji tangu 1982 mpaka akaja mtu mwenye funguo. Epic, wimbo wa albamu hiyo hiyo, ilifika namba 9 kwenye chati za Marekani, huyo Chuck wenu alifika namba ngapi? Muziki unaweza kuwa tayari lakini watu hawaimbi besi bafuni wanaimba kiitikio, na kiitikio ni cha Patton

Mzee wa Kanda #9

Hapo kwenye kiitikio umenibana, nakubali nusu. Ila hata hiyo Epic haikuruka siku ya kwanza. Albamu imetoka katikati ya 1989, ikakaa. Singo ya kwanza ilipita kimya Marekani. Walizunguka kwenye basi zaidi ya mwaka mzima, Epic imekuja kushika 1990 baada ya MTV kuikazania ile video, ile ya samaki anatapatapa mwishoni na kinanda kinalipuka. Watu wakapiga kelele kuhusu samaki kuliko kuhusu wimbo.

Na ndipo bifu la Anthony Kiedis wa Red Hot Chili Peppers lilipoanza, akalalamika kwamba Patton amemwiga, kuruka kule, kurapu kule, nywele. Patton akacheka tu. Bifu hilo halikuisha haraka, 1999 bado walikuwa wanaviziana, safari hiyo kwa upande wa Mr. Bungle.

Corey Taylor, mwimbaji wa bendi ya Slipknot, ameshasimulia kwamba kuwaona Faith No More wakipiga Epic kwenye tuzo za MTV 1990, akiwa kijana aliyekata tamaa kabisa na maisha, ndiko kulikomuinua. Kwa hiyo Korn, Slipknot, Deftones, wote hao wamekula kwenye sahani hii. Patton mwenyewe ukimuambia wewe ni baba wa nu metal, ile metali iliyochanganywa na rapu, anaweza kukutemea mate, hataki kabisa kusikia.

kichwa_ngumu #10

Sasa huyo Jim wa miwani ilikuaje, maana mi namkumbuka kwenye mapicha tu alafu ghafla hayupo

Mzee wa Kanda #11

Tunafika. Hiki ndicho kipande ninachokipenda, japo kinauma.

Baada ya Epic kila mtu alitegemea albamu yenye Epic tano ndani. Lebo ilitegemea hivyo, na nadhani hata Jim alitegemea hivyo. Wao wakatoa Angel Dust, Juni 1992. Patton sasa si mgeni tena, yumo kwenye utunzi tangu mwanzo, na Gould na Bottum wamemfungulia mlango wote. Wakaweka kila uchafu, sauti za kukatwa katwa, kinanda cha sinema, wimbo wa mtu anayezeeka kwenye kiti mbele ya runinga. Jim alikuwa mtu wa metali, anataka rifu, ile mizunguko mizito ya gitaa, anataka kupiga kama Black Sabbath. Hakuupenda ule mwelekeo na hakuficha. Gitaa lake alikuja kulirekodi kivyake vyake. Ukisikiliza kwa makini utasikia kwamba kuna mtu mmoja mle anapiga bendi nyingine, na cha ajabu ndicho kinachoifanya albamu iwe tamu, maana gitaa linagoma kukubaliana na wenzake mpaka mwisho.

Wakaenda ziara ya kufungulia Guns N' Roses na Metallica kiangazi kile, midomo yao haikukaa kimya kuhusu wenye shughuli, wakajiharibia. Easy ikatoka kama singo ikafika namba 3 Uingereza mwanzoni mwa 1993, na namba moja Australia. Yaani bendi inayobweka ikauza kwa wimbo wa mama yangu.

Novemba 1993 Jim akaondoka. Hadithi inayosimuliwa ni kwamba alifukuzwa kwa faksi. Yeye mwenyewe anasema aliamua kuondoka. Kila mtu achague.

Ngosha wa Isamilo #12

Mimi ni chama cha Jim mpaka kufa. Toka ametoka bendi ikawa ya wasomi, gitaa safi safi hakuna jasho. Mtu aliyeletwa na Cliff Burton unamtumia faksi kama mnadaiwa kodi ya pango? Kaka sijui hata niseme nini, mimi The Real Thing nimeinunua mara tatu kanda CD na sasa nina sahani, Angel Dust naiheshimu, baada ya hapo sijui kitu na sitaki kujua.

Binti Makorora #13

Na sasa hivi Jim anafanya nini?

Mzee wa Kanda #14

Alirudi shambani California, analima maboga. Si utani, yale maboga makubwa ya mashindano ya kupima uzito, na ameshinda.

Binti Makorora #15

😂😂😂 Ngosha ukipenda boga penda na ua lake

Ngosha wa Isamilo #16

Nimekubali kuchekwa. Ila ni boga la heshima.

SikindeDamu #17

Mi roki sijui lakini nimefuata uzi kwa sababu mambo haya tunayajua. Mzee Gurumo, mwimbaji wa dansi, alitoka bendi ya Msondo akaenda Sikinde, akatoka Sikinde akaenda OSS, mwisho karudi Msondo, na kila alipokwenda mashabiki tuligawana mitaa. Ila kwetu mwimbaji ndiye alikuwa anahama na watu. Huku kwenu inaonekana mwimbaji akiondoka watu wanabaki na dramu. Hilo kwangu geni.

Mzee wa Kanda #18

SikindeDamu umeigusa sawasawa, na nadhani tofauti iko kwenye nani anaanza kutunga. Kwetu kwenye dansi mara nyingi mtu anakuja na mashairi yake, ndipo vyombo vinapangwa kuyafuata, kwa hiyo akiondoka anaondoka na tungo kichwani. Faith No More wao ni kinyume, mdundo kwanza, maneno mwisho. Ndiyo maana waliweza kuishi bila mwimbaji miezi na wakatoka na albamu.

Ila nisijisifu sana maana kipande kinachofuata kinaisumbua hoja yangu mwenyewe.

Nafasi ya Jim. Waliongea na Justin Broadrick wa bendi ya Godflesh akakataa. Wakamchukua Trey Spruance, mpiga gitaa wa Mr. Bungle, mshkaji wa Patton tangu Eureka. Wakajichimbia studio ya Bearsville, jimbo la New York, na prodyuza Andy Wallace, wakatoa King for a Day... Fool for a Lifetime, Machi 1995. Humo kuna kila kitu, kuna nyimbo za kuvunja kiti na kuna nyimbo za baa ya hoteli saa sita usiku. Trey ni fundi kuliko Jim kwa mbali, Ngosha usinipige. Lakini kabla ziara haijaanza Trey naye hayupo, na pande mbili zinasimulia tofauti kuhusu sababu. Wakamchukua Dean Menta, aliyekuwa fundi wa vinanda vya Roddy kwenye ziara! Yaani utingo kapewa usukani.

Na hapo ndipo injini nayo ilipoanza kukohoa. Roddy alikuwa amefiwa na baba yake, na Cobain amefariki 1994, yeye alikuwa karibu na Courtney, kwa hiyo kwenye King for a Day kinanda kipo kidogo sana. Ukinibana nitakiri, albamu ile ni nzuri na mmoja wa watatu wangu ni kama hayupo.

Dokta Besi #19

Na ndiyo maana mimi ile albamu naiona kavu mkuu. Nzuri ila kavu. Kinanda cha Roddy ndicho kinachowafanya wasifanane na bendi nyingine yoyote, ondoa kile unabaki na roki nzuri tu

Mchokozi Original #20

Kwa hiyo hesabu ya mzee imekufa. Injini imebaki na pistoni mbili na gari limetembea, kwa sababu nani yupo? Patton.

Mzee wa Kanda #21

Pistoni mbili zinatembeza gari mpaka mlimani, ukifika mlimani ndiyo utajua. Soma.

Menta naye hakufika albamu. Akaja Jon Hudson, aliyewahi kukaa nyumba moja na Gould, mtu mpole, hana mbwembwe. Album of the Year, Juni 1997. Hata jina ni kejeli. Mimi naipenda, Ashes to Ashes na Stripsearch nikizisikia usiku nazima taa. Lakini kila mtu alikuwa ameshaanza kujenga kwake: Patton ana Mr. Bungle, Roddy ana Imperial Teen, Bordin anampigia Ozzy Osbourne. Shoo ya mwisho Lisbon, Ureno, tarehe 7 Aprili 1998, na siku chache baadaye Gould akatoa tangazo kwamba basi, imekwisha.

Miaka kumi na moja kimya. Patton akaanzisha lebo yake ya Ipecac, akafanya bendi za Fantômas, Tomahawk na mengine mengi. Gould akawa na lebo yake. Februari 2009 wakatangaza kurudi. Na nani gitaa? Jon Hudson. Juni 10, ukumbi wa Brixton, London, wakafungulia shoo na Reunited, ule wimbo wa mapenzi wa Peaches & Herb. Wamevaa suti. Kama mnaijua hii bendi mnajua hapo walikuwa wanatucheka na wanatupenda kwa wakati mmoja.

Kilichonigusa zaidi ni kwamba walianza kuwarudia waliowashusha. 2010, San Francisco nyumbani, wakampandisha Chuck Mosley jukwaani. 2011 huko Chile wakapiga King for a Day yote mwanzo mwisho, na gitaa akashika Trey Spruance. 2015 wakatoa Sol Invictus, wameirekodi wenyewe kwenye chumba chao cha mazoezi Oakland, Gould ndiye prodyuza. Angalia majina kwenye ile albamu: Gould, Bordin, Bottum, Patton, Hudson. Hudson yule tuliyemuita wa kuziba pengo ndiye amekaa kwenye kile kiti kuliko wapiga gitaa wengi walivyokaa kwenye ndoa zao.

2016 wakapiga shoo mbili ndogo na Chuck kama mwimbaji, San Francisco na Los Angeles, kusherehekea kutoka upya kwa ile albamu ya kwanza. Novemba 2017 Chuck akafariki, ana miaka 57. Zile shoo nimeziangalia kwenye simu, picha imetikisika, sauti ya Chuck imechoka, ila Bordin nyuma anapiga kama 1985.

kichwa_ngumu #22

Dah. Mungu amrehemu Chuck. Na sasa wapo?

Mzee wa Kanda #23

Walikuwa warudi ziara 2021, Septemba wakaahirisha yote, Patton alisema afya ya akili haiko sawa. Baadaye akaeleza kwamba alipata hofu ya kutoka nje na kukutana na watu, akaanza kunywa. Ameshapona kiasi cha kurudi jukwaani, lakini karudi na Mr. Bungle. Faith No More kimya. Watatu wangu wapo, Hudson yupo, gari lina mafuta, na safari hii hawajatafuta konda mwingine.

Mchokozi Original #24

Kwa nini hawajatafuta mzee? Si ulisema mwimbaji anabadilishwa tu?

Mzee wa Kanda #25

Nilikuwa naomba usiulize hilo.

Mchokozi Original #26

Nimeuliza

Mzee wa Kanda #27

Sina jibu zuri. Chuck walimtoa wakiwa vijana wa ishirini na kitu, wana njaa. Sasa wana miaka sitini na kitu. Labda mtu ukishakaa naye basi moja miaka yote hiyo unajifunza kumsubiri hata kama hujui anakuja lini. Bao moja hilo umenifunga, lichukue.

Binti Makorora #28

Mimi naanzia wapi jamani, msinipe ya kunitisha

Dokta Besi #29

Anza The Real Thing, halafu King for a Day, Angel Dust iache mpaka uwe na siku mbaya kazini.

Ngosha wa Isamilo #30

The Real Thing halafu simama hapo hapo, kanunue boga

Binti Makorora #31

Mrejesho: nimeweka Easy jikoni na spika ndogo. Mama mkwe kaja mbio kutoka chumbani anasema huyu Lionel Richie huyu! Nikamwambia hapana mama. Kakataa kama mama yako Mzee wa Kanda. Sasa hivi yuko mezani anamenya vitunguu anataka irudiwe, na inayofuata kwenye orodha ni ile ya kubweka, sijui nifanyeje.